Vikapu Kumi na Viwili vya Mabaki

Masomo: Yohana 6:1–13, Marko 8:14–21, Kutoka 16:22–24, 2 Wafalme 4:1–7

 

Fungua Biblia yako Yohana 6. Hii habari mmeijua tangu shule ya Jumapili, kwa hivyo sitaisimulia yote. Wanaume elfu tano, na Mathayo anatukumbusha kwamba kina mama na watoto hawakuwa kwenye hiyo hesabu. Mikate mitano ya shayiri, na shayiri wakati ule ilikuwa chakula cha mtu wa chini. Samaki wawili. Filipo anapiga hesabu kichwani, anamwambia Yesu kwamba hata mikate ya dinari mia mbili haitafikia kila mtu, hata wakimega kidogo kidogo. Mimi nampenda sana huyu Filipo. Wengine wenu mnajua nilisoma biashara chuoni kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kila nikifika hapa naona huyu ndugu angetufaa kwa ofisi ya mweka hazina. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua ya siku moja. Kwa hivyo Filipo anazungumzia mshahara wa zaidi ya miezi sita, na hesabu yake ni sawa kabisa. Hakukosea mahali.

Kawaida tukihubiri hapa tunapanda na muujiza, watu wanasimama, vigelegele, na tukifika aya ya 11 tumemaliza, tunaenda nyumbani. Leo nataka tubaki kwa aya ya 12. Watu wameshiba. Wengine wameanza kujinyoosha kwenye nyasi. Ndipo Yesu anawageukia wanafunzi wake na kuwaagiza waokote vipande vyote vilivyobaki, chochote kisiharibike.

Sasa jiulize. Huyu ndiye ametoka kuzidisha mikate sasa hivi, mikono yake bado ina unga. Akitaka mingine kesho, ataizidisha. Hana upungufu wowote. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kusema wacheni makombo, ndege watakula, ni yeye. Lakini anawaambia watu wazima wainame, wapite katikati ya watu, waokote. Muujiza ulikuwa kazi yake. Kuinama ilikuwa kazi yao, na hakuwafanyia.

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini muujiza, na mimi siji hapa kupunguza imani ya mtu. Nimeona Mungu akifungua milango ambayo hakuna hesabu ingeweza kufungua. Lakini kila Ijumaa tukisoma zile karatasi za maombi, nyingi zinasema pesa. Karo. Kodi ya nyumba. Deni. Tunafunga, tunakesha, tunalia mbele za Bwana, na ni vizuri. Halafu Jumamosi asubuhi mtu anarudi kwenye nyumba ambayo pesa inatoka kwa matundu madogo madogo kama maji kwenye mtungi uliopasuka, na hakuna anayeinama kuangalia tundu liko wapi. Wapendwa, kuna pesa tunayoiombea ambayo tayari iko kwa nyumba zetu. Iko chini, kwenye nyasi.

Na kabla hamjageuka kumwangalia mama watoto, ngoja kwanza. Baba, hii ni yako. Nani aliokota vile vipande? Kulikuwa na kina mama wengi pale, lakini Yesu hakuwaita. Aliwaita wanafunzi wake. Vikapu vilikuwa kumi na viwili. Biblia haisemi kila mmoja alibeba chake, lakini wewe piga hesabu uone inakaa wapi. Petro, mtu wa nyavu na sauti kubwa, ameinama anaokota makombo. Mathayo, aliyekuwa akikaa forodhani kuhesabu pesa za watu, yuko kwa magoti anahesabu vipande vya mkate wa shayiri. Kwa hivyo mwanamume wa kanisa hili akisema mambo ya sufuria na makaa si kazi yake, mimi namuuliza: wewe ni mkubwa kuliko Petro?

Endelea na mimi Marko 8, aya ya 19 na 20. Siku zimepita, wako kwenye mashua, wanafunzi wanaanza kusumbuana kwa sababu wamebeba mkate mmoja tu. Yesu anawauliza swali la ajabu. Haulizi watu walikuwa wangapi. Hiyo anaisema mwenyewe. Anawauliza: mliokota vikapu vingapi? Wanajibu bila kusita, kumi na viwili. Na siku ile nyingine ya watu elfu nne? Saba. Mimi nikiona hapo nasema, huyu Bwana anataka rekodi ya mabaki. Na wale wanaume waliikumbuka ile hesabu kwa sababu waliibeba mgongoni. Mtu husahau pesa aliyotumia, lakini shilingi uliyoinama ukaiokota huisahau.

Basi twende nyumbani. Makombo yako wapi?

Yako kwanza kwenye moto. Nyumba nyingi za hapa kwetu, ukitoa kodi na karo, kitu kinachokula pesa kila siku bila huruma ni makaa na gesi. Na chakula chetu kinapenda moto. Githeri, maharagwe, ndengu, matumbo. Mtu ananunua maharagwe ya bei nafuu kwa sababu nyama ni ghali, halafu anayachemsha masaa matatu, na ile pesa aliyookoa kwa nyama inaenda na moshi. Pamoja na pesa inaenda saa. Nimewahi kuingia nyumba fulani kuomba na familia, saa tatu usiku, na msichana wa kidato cha pili amekaa kando ya jiko anangoja maharagwe yaive, kitabu kiko kwa magoti, macho yanafumba. Mama alikuwa amerudi kutoka kibaruani saa moja na nusu. Hakuna mtu mvivu kwa nyumba ile. Tuliomba, lakini nikitoka nilikuwa nafikiria vile mtoto yule atafanya mtihani wake.

Dawa ya kwanza haina gharama hata shilingi. Loweka. Maharagwe au mahindi ya githeri yakilala ndani ya maji usiku kucha, yataiva kwa muda mfupi zaidi. Asubuhi mwaga yale maji, osha, weka maji mapya. Funika sufuria, na kifuniko kikae sawasawa. Sufuria iliyo wazi ni kama nyumba ya mabati isiyo na mlango, unapasha joto kijiji chote.

Ya pili inataka kikapu. Ndiyo, kikapu, na mimi sikupanga hiyo, imeanguka tu vizuri na somo. Kina mama wa umri wanaijua, wengine waliifundishwa kwenye vikundi vya akina mama. Unachukua kikapu kikubwa cha sokoni, au hata kartoni imara au ndoo pana. Unaweka ndani kitu kinachoshika joto: blanketi kuukuu, nguo za mtumba zisizovalika, vipande vya sponji kutoka kwa fundi wa viti, hata majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwenye kitambaa. Chini, kando zote, unene wa upana wa kiganja. Halafu unashona mto wa kufunika juu. Chakula kikishachemka vizuri jikoni, unatoa sufuria ikiwa bado inatokota, na kifuniko chake, unaitumbukiza ndani, unafunika na ule mto, unaondoka. Moto hauna kazi tena. Joto ambalo lingepotea hewani linabaki ndani linapika. Kule Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watu walipika hivyo kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu, kwa sababu mafuta ya moto yalikuwa haba.

Mchele unauchemsha kama dakika tano tu, maji pungufu kidogo kuliko ulivyozoea, halafu kikapu kwa saa moja. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu nusu saa kwanza, na hapo usipunguze. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo inauawa na mchemko wa kweli, si joto la wastani. Ukiyaingiza kwenye kikapu mabichi utaumwa na tumbo na utasema ni shetani. Yakishachemka hivyo, kikapu kwa masaa manne, matano. Usifungue fungue kuchungulia. Sufuria iwe karibu kujaa, kwa sababu chakula kidogo kinapoa haraka. Na kabla ya kula, rudisha jikoni kitokote tena dakika chache, hasa kama kuna nyama. Usiache chakula chenye nyama kilale humo usiku mzima. Ni kikapu, si friji.

Sasa angalia kitu. Jumapili hapa kanisani, ikifika saa saba, naona kina mama wanaanza kuchomoka mmoja mmoja. Wengine hawangoji hata maombi ya mwisho. Sisi wahubiri tunaumia kidogo, lakini tukiwa wakweli, wanaenda kuwasha jiko, kwa sababu wale wanaume watakaobaki wakisema amina watafika nyumbani wakiuliza chakula kiko wapi. Mama ambaye saa mbili asubuhi ameweka githeri kwenye kikapu anaweza kukaa hapa mpaka baraka. Akifika nyumbani, anachemsha kidogo tu, anakaanga kitunguu, watu wanakula.

Na hii si mambo ya kisasa. Kutoka 16, Mungu aliwapa wana wa Israeli mana ya siku mbili siku ya sita, na Musa akawaambia waoke na wachemshe mapema, kinachobaki wakiweke hadi asubuhi, ili siku ya Bwana wapumzike. Siku ile chakula hakikuharibika. Mungu mwenyewe alipanga Jumapili ya mama, tuseme hivyo, kwa kumwambia afanye kazi ya kesho leo. Kwa hivyo Jumamosi jioni kunja nguo za Jumapili, loweka maharagwe, chagua mchele, katakata kitunguu. Pasi piga mara moja kwa nguo zote za wiki, usiwashe kila asubuhi kwa shati moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja mfululizo inakula uniti moja ya tokeni. Taa ya LED ya wati 9 inaweza kuwaka zaidi ya masaa mia kwa uniti hiyo hiyo. Kuna baba anagombana na watoto juu ya taa ya kusomea, na pasi yake ya kila asubuhi ndiyo inamaliza tokeni.

Chai pia. Chemsha maji mara moja asubuhi, jaza chupa ya chai, nyumba itumie hadi mchana. Na chemsha maji ya kiasi unachohitaji.

Tugeukie dukani, na hapa nataka niende polepole.

Kuna kitu tunaita uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupimiwa, sukari ya kupimiwa, sabuni ya kipande, majani ya pakiti ndogo kabisa, unga wa kesho unanunuliwa kesho. Chukua mfano. Mtu anapimiwa mafuta ya kupikia ya shilingi 30 kila jioni. Kwa siku 30 hiyo ni shilingi 900. Sitakuambia bei ya mafuta, inabadilika kila wiki. Wewe nenda na hiyo 900 dukani, uulize inanunua lita ngapi kwa jumla, halafu rudi nyumbani pima yale ya shilingi 30 kwa kikombe cha dawa cha mtoto uone umekuwa ukipata ngapi. Fanya hivyo wiki hii. Hakuna mahubiri yatakayokufundisha kama kile kikombe.

Lakini sikilizeni. Wahubiri wengi, na wataalamu wa pesa kwenye redio, wakifika hapa wanaanza kumgombeza maskini kwamba hajui kupanga. Mimi sitaki. Mtu wa kibarua akilipwa shilingi mia nne jioni, na watoto wanne hawajala, anajua hesabu vizuri kuliko mimi na digrii yangu. Hana tu ile 900 ikiwa pamoja. Maskini analipa zaidi kwa kitu kile kile kwa sababu pesa yake inakuja kwa vipande. Si dhambi yake, na mtu asimwambie ni roho ya umaskini.

Ndiyo maana nataka tuangalie yule mjane wa 2 Wafalme 4. Mumewe amekufa, alikuwa mcha Mungu, lakini ameacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza kile alicho nacho nyumbani. Anasema hana kitu, ila chupa ya mafuta. Mnaona? Hana kitu, ila. Halafu nabii anamtuma wapi? Kwa majirani. Akaazime vyombo, na si vichache. Mafuta yalikuwa yake, lakini vyombo vilikuwa vya plot nzima. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha.

Kwa hivyo hawa watu watano wa 900 wasibaki kila mmoja na mlango wake. Nyumba tano zinaweza kuweka pamoja shilingi 50 kila siku mpaka zifike bei ya mtungi wa mafuta wa lita 20, kila moja ipate lita nne. Gunia la mahindi la kilo 90 linatoa gorogoro arobaini na kitu. Nyumba tano, kila moja haikosi gorogoro nane, mnapeleka kwa posho mill mnasaga kidogo kidogo. Tuna vyama vingi hapa kanisani vya kununuliana sahani na kwenda ziara. Sina shida na ziara. Lakini chama ambacho kinajua bei ya gunia ni bora kuliko chama kinachojua rangi ya kitenge.

Mkinunua mahindi, yawe makavu. Tia mkono ndani, yakiwa na unyevu au yana harufu ya kuvu, acha, hata kama bei ni ya kutoa bure. Wengine mnakumbuka mwaka 2004 kule Ukambani, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa sababu ya sumu ya kuvu kwenye mahindi. Yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu.

Hapo nimeingia kwa jambo jingine, kwamba kuna kuokoa ambako si kuokoa. Mtu anagawanya dawa za mtoto zikae wiki mbili badala ya moja. Mtu anaacha kuchemsha maji ya kunywa ili gesi idumu. Mtu anaingiza jiko la makaa ndani usiku wa baridi, anafunga dirisha, familia inalala na ile hewa, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Tumezika watu hivyo katika nchi hii. Na mmesikia wale wanaotia tembe za maumivu kwenye nyama au maharagwe ili yaive upesi. Usifanye, dawa haigeuki kuwa kiungo. Hata magadi, weka kidogo sana au usiweke, yanaua vitamini kwenye maharagwe. Ukishaloweka, huyahitaji.

Tena kuna kuokoa kunakotoka kwa mgongo wa mtu mwingine. Baba anasema nyumba yake inatumia pesa kidogo, na kweli inatumia kidogo, kwa sababu kuna msichana wa kazi anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku. Au mtoto anatumwa soko la mbali mwendo wa dakika arobaini kwenda na kurudi, kila siku, kwa sababu sukuma kule ni rahisi kwa shilingi kumi. Hizo dakika arobaini ni za nani? Kwa darasa la biashara tulifundishwa kuandika kila gharama, na muda wa mtu ni gharama. Paulo anawaambia Waefeso wauokoe wakati, na sidhani alimaanisha wakati wa baba peke yake. Ukitaka sukuma ya bei ya chini, jaza gunia udongo na samadi, weka mawe katikati ya kupitisha maji, toboa mashimo kando, panda miche juu na kwenye mashimo. Kibera watu wamelima hivyo miaka na miaka kwenye nafasi isiyotosha hata kiti. Limwagilie maji ya kuoshea mchele na mboga. Gunia liko mlangoni, mtoto yuko kwa kitabu.

Mambo mengine ni madogo, nitayataja nikipita. Mche wa sabuni ukate vipande ukishanunua, uache vikauke siku kadhaa hewani kabla ya kutumia, vitadumu kuliko ile laini. Vile vipande vyembamba vya mwisho tia kwenye soksi kuukuu, funga, osha nayo vyombo. Maji ya mwisho ya kufua yatumie kwa sakafu na choo. Ukituma au kutoa pesa kwa simu, fanya mara moja badala ya mara tano, kwa sababu kila mara ina makato yake. Ugali uliobaki jioni, kaanga asubuhi na kitunguu, au kula na chai. Kiporo si aibu, mwana wa Mungu. Kiporo ni aya ya 12.

Halafu hiyo pesa, ikipatikana, inaenda wapi? Hapa ndipo watu wengi wanaangukia. Mtu ameokoa shilingi 150 kwa makaa wiki hii, na kwa sababu haikupewa kazi, Jumamosi imekuwa soda na boda boda. Iweke mahali tofauti siku ile ile, kopo, au akaunti nyingine ya simu. Na iwe na jina.

Mnajua mhubiri akifika hapa, kawaida anasema leta mbegu madhabahuni. Mimi leo nitasema kile Elisha alimwambia yule mjane: auze mafuta, alipe deni, halafu yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Deni kwanza. Na wengi wetu deni letu liko kwa simu. Tuseme umekopa shilingi 2,000, na mkopeshaji anatoza asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Hiyo ni 150, unaona ni kidogo. Lakini ukilipa leo ukikopa kesho, kila mwezi, mwaka mzima, umelipa shilingi 1,800 kwa elfu mbili ile ile, na Desemba bado huna elfu mbili yako. Hebu angalia hizo namba mbili tena: 150 ya makaa kwa wiki, 150 ya mkopo kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wa kikapu unaweza kupunguza ule mkopo kwa kama robo hivi. Ukimaliza deni lako, uje madhabahuni na sadaka, tutaimba pamoja nawe. Kabla ya hapo mlipe mtu pesa yake, na Mungu hatakasirika. Yule mdai alikuwa anakuja kuchukua watoto, wapendwa. Siku hizi hachukui mtoto mzima. Anachukua karo.

Baba, ukifika nyumbani leo, usianze kuuliza mama ametumia pesa wapi. Hilo silo swali la Yesu. Kaeni pamoja, na watoto wakubwa wawepo, kila mtu ataje sehemu moja anayoona mabaki yanapotea. Utashangaa, watoto wanajua. Wewe uanze na yako: ile ya kinyozi na magazeti, ile ya chai ya kazini mara tatu kwa siku. Andikeni kwa karatasi moja. Baada ya wiki nne nitauliza hapa hapa mbele, kama Bwana alivyouliza kwenye mashua, mliokota ngapi, na nataka namba.

Jumamosi hii saa tisa mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, kina mama watatuonyesha kushona vile vikapu pale chini ya hema. Leta kikapu au kartoni, blanketi kuukuu ama nguo zisizovalika, na sufuria utakayoitumia, ili ipimwe. Maharagwe ya majaribio yatalowekwa na idara ya ushirika Ijumaa usiku na yataingia kikapuni Jumamosi saa nne, kwa hivyo atakayekuja atayala yakiwa yameiva. Wanaume pia tunawangoja. Sindano zipo.